Linki ya kwenye maoni inahesabiwa wapi?

"Zungukia blogu nyingi uwezavyo, acha maoni, bandika linki ya tovuti yako, Google itakupandisha." Ushauri huu bado unatolewa kwa uhakika kabisa, tena na watu wanaowafundisha wenzao, na wanaoufuata ni wale wenye haraka ya kuona tovuti zao mpya zikisomwa. Ndani yake yamo mambo mawili yaliyoshonwa pamoja kana kwamba ni jambo moja: kujenga linki na kuleta wageni.

Maana zenyewe ni fupi. Kujenga linki ni kufanya bidii ili tovuti za watu wengine zielekeze kwenye yako, kwa lengo la injini za kutafuta kukuona unaaminika na kukuweka juu kwenye matokeo. Wageni, yaani trafiki, ni watu wanaofika kwenye kurasa zako, wawe wametoka popote. Linki inaweza kuleta vyote viwili, inaweza kuleta kimoja, na inaweza isilete chochote. Linki unayoiacha kwenye maoni, kwa sehemu kubwa, huweza kuleta watu tu. Hapo ndipo wengi hupotea, na kuelewa sababu yake kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kupima uzito wa ukurasa wa wavuti kwa kutazama kurasa zinazouelekea. Waliiita PageRank. Wazo hilo lina ndugu mkubwa katika taaluma: Eugene Garfield alikwisha kutoa faharasa ya manukuu ya kisayansi mwaka 1964, ambayo iliwezesha kuona ni makala zipi zinanukuliwa na wanasayansi wengine, na mara ngapi. Page na Brin walilileta wazo la aina hiyo kwenye wavuti na kuongeza jambo la maana: linki hazina uzito sawa. Ukurasa wenyewe unaoelekewa na kurasa nzito hutoa linki nzito, na uzito huo hugawanywa kwa linki zote zilizomo ndani yake.

Hesabu hiyo nzuri ilisimama juu ya dhana moja ambayo haikuhitaji hata kutajwa wakati ule, kwamba linki iliyo kwenye ukurasa imewekwa na mwenye ukurasa. Yeye ndiye aliyeamua kuwa huko kwingine kunastahili kutembelewa. Uamuzi wake ndio unaoipa linki thamani. Anayenukuu huweka jina lake rehani kidogo, kwa sababu akielekeza watu kwenye upuuzi, wanaomsoma watamshangaa yeye.

Kisha zikaja blogu, na chini ya kila makala kukawa na kisanduku cha maoni chenye nafasi ya jina, barua pepe na anwani ya tovuti. Ghafla linki zikaanza kutokea kwenye kurasa bila mwenye ukurasa kuamua chochote. Roboti ya Google ilizisoma kama linki nyingine zote, nazo zikabeba uzito kweli. Haikuchukua muda watu wakaandika programu za kupita kwenye maelfu ya blogu na kuacha sentensi ileile: "Makala nzuri sana, nimejifunza mengi, endelea hivyo." Mahali pa jina pakaandikwa maneno ambayo hakuna mzazi aliyempa mtoto wake, kama "Mikopo ya Haraka" au "Dawa za Bei Nafuu", kwa sababu jina ndilo linalobeba linki na kila mmoja alitaka linki yake ibebwe na maneno ambayo watu huyatafuta. Wenye blogu walikuwa wakiamka na kukuta mamia ya maoni ya kufuta. Wengine walifunga visanduku vyao vya maoni moja kwa moja, na mazungumzo mengi mazuri yakafa hivyo. Hasara hiyo inaniuma mpaka leo kuliko yote.

Januari 2005 Google ilitangaza dawa, ikiungwa mkono na Yahoo! na MSN, injini nyingine za kutafuta za wakati huo, pamoja na watengenezaji wakubwa wa programu za blogu. Ndani ya msimbo wa linki kungeongezwa neno moja, rel="nofollow", ambalo huiambia injini ya kutafuta: linki hii usiihesabu kwa ajili ya kumpandisha anayeelekewa. Programu za blogu zikaanza kuliweka zenyewe kwenye kila linki ya maoni, bila mwenye blogu kugusa kitu. Wikipedia ya Kiingereza ilifanya vivyo hivyo kwa linki zake za nje mwaka 2007. Leo ukiacha maoni kwenye blogu inayotumia WordPress, programu ya kuendesha blogu na tovuti, kisha ukafungua msimbo wa ukurasa, kwa kawaida utakuta pembeni ya anwani yako maneno nofollow na ugc. Hili la pili limetokana na nyongeza ya Septemba 2019, ambapo Google ilileta alama mbili mpya: ugc kwa kilichoandikwa na watumiaji, kama vile maoni, na sponsored kwa linki zilizolipiwa.

Kwa hiyo jambo ambalo ushauri ule unalisifu lilizibwa mwaka 2005. Mtu anayefundishwa leo kuacha maoni ili apande kwenye Google anafundishwa mlango uliofungwa zamani.

Hapa pana makosa mengine mawili yanayosikika sana. La kwanza ni kudhani kuwa nofollow huficha ukurasa usionekane kwenye matokeo ya utafutaji. Kinachofanya kazi hiyo ni noindex, na huwekwa na mwenye ukurasa kwenye ukurasa wake mwenyewe. Nofollow kwenye linki haikuadhibu wala haikufichi, ni kwamba haikuongezei. Injini inaweza kuufikia ukurasa wako kwa njia nyingine kumi na ikauweka kwenye matokeo bila shida.

La pili limezaliwa na mabadiliko yaleyale ya 2019. Google ilisema kuanzia hapo itaichukulia nofollow kama dokezo badala ya amri. Waliokuwa wakingoja habari njema wakalipokea kwa shangwe, "sasa linki za maoni zinahesabiwa tena!" Sivyo. Dokezo maana yake ni kwamba Google imejiachia nafasi ya kuamua. Na alama ya ugc inaiambia wazi kwamba linki hii imewekwa na mgeni, mwenye ukurasa hakuichagua. Katika maneno ambayo injini ingeweza kuambiwa kuhusu linki, sijui neno gani lingemsaidia mtafuta uzito kwa uchache kuliko hilo.

Na wale wanaotumia programu za kumwaga maoni kwa mkupuo? Aprili 2012 Google ilizindua Penguin, mabadiliko yaliyolenga tovuti zilizojipandisha kwa linki za hila, na zipo zilizoporomoka kwa siku chache. Oktoba mwaka huohuo ikatoa zana ya kuzikana linki mbovu. Tangu 2016 Penguin imekuwa sehemu ya mfumo wenyewe na zaidi huzipuuza linki za namna hiyo kuliko kuishusha tovuti nzima, ingawa adhabu zinazotolewa na wakaguzi wa Google bado zipo. Kwa kawaida basi juhudi yote hiyo huishia kuwa sifuri. Isitoshe, maoni yenyewe mengi hayafiki hadharani. WordPress, usipobadilisha mipangilio yake, huzuia maoni yenye linki mbili au zaidi mpaka mwenyewe aidhinishe, na ukiongeza kichujio kama Akismet, mengi huenda moja kwa moja kwenye kapu la taka.

Nisieleweke kwamba nakataza watu kuacha maoni. Nayapenda, na upande wa trafiki yana kazi ya kweli. Chukua makala inayofundisha namna ya kuhifadhi nakala ya tovuti ya WordPress kwa kunakili folda zake zote. Mtu anaandika chini yake: "Njia hii inabeba picha na mandhari, lakini makala zenyewe zimo kwenye hifadhidata, ambayo haiko ndani ya folda hizi. Ukiisahau, siku ya kurejesha utapata tovuti tupu. Ihamishe kando kwa phpMyAdmin, zana ya kusimamia hifadhidata, kabla hujaanza." Hakubandika linki yoyote ndani ya maelezo yake. Ameweka tu jina lake halisi, na anwani ya tovuti yake kwenye nafasi iliyotengwa. Msomaji aliyekuwa karibu kufanya kosa lile atalibofya jina hilo, kwa sababu anataka kujua huyu anayejua ni nani. Anayefika kwa njia hiyo anajua amekuja kutafuta nini, hukaa, husoma na ukurasa wa pili. Na mwenye blogu naye amemwona. Siku akiandika makala nyingine na kumtaja mtu huyu ndani ya maandishi yake mwenyewe, kwa hiari yake, hiyo ndiyo linki ambayo Page na Brin walikuwa wanaizungumzia. Imetokana na maoni, lakini haikukaa kwenye maoni.

Kinachowachanganya wengi, nadhani, ni ripoti ya linki ndani ya Google Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi tovuti yake inavyoonekana kwenye utafutaji. Huorodhesha linki zinazokuelekea, zikiwemo zenye nofollow, bila kuzitenga. Mtu anaacha maoni mwezi mzima, anaona namba inapanda, anaamini amejenga kitu. Namba hiyo ni orodha ya mahali ulipotajwa, na haisemi lolote kuhusu uzito. Kama unataka kujua maoni yako yamefanya nini, fungua programu inayopima wageni wako, nenda sehemu inayoonyesha wametoka tovuti zipi, utafute zile blogu ulizoandika. Na ukikutana na mwenzako anayesema amejenga linki mia kupitia maoni, huna haja ya kubishana naye. Mwonyeshe sehemu hiyo, na mwombe afungue ya kwake.