Chati ya takwimu na msomaji asiyeona

Siku hizi ofisi nyingi hutoa takwimu zake kama picha: chati yenye nembo juu, inarushwa WhatsApp, kazi imekwisha. Asiyeona akiifungua, programu inayomsomea simu, kama TalkBack ya Android, mara nyingi humwambia tu kwamba hapo pana picha. Tarakimu zimo, ila hazimfikii.

Chukua grafu ya idadi ya watu Tanzania katika sensa tangu 1967. Tukiambiwa tuambatishe maelezo, wengi wetu huandika "Grafu ya idadi ya watu". Hicho ni kichwa cha habari. Maelezo yampe msikilizaji kile ambacho mwenye macho anakipata kwa kutupa jicho mara moja: "Grafu ya mstari. Watu walikuwa milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 34.4 mwaka 2002 na milioni 61.7 mwaka 2022. Mstari unapanda kila sensa. Ongezeko kubwa kuliko yote ni la kati ya 2012 na 2022, karibu milioni 17." Chini yake liwekwe jedwali la maandishi, lisiwe picha nyingine, ili anayetaka tarakimu za 1978 au 1988 azipate. Nakuhakikishia, hata waandishi wa habari wenye macho makali watalikimbilia jedwali hilo kwanza.

Rangi nazo zina wahanga wake. Kutotofautisha nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huwapata zaidi wanaume. Nasi kila ramani ya mikoa tunaipaka kijani kwa waliofikia lengo na nyekundu kwa waliobaki nyuma! Buluu na rangi ya chungwa hutofautishika vizuri zaidi, na jina la kila kundi liandikwe papo hapo kwenye mstari au nguzo yake. Ukitaka kujipima, itoe chati fotokopi nyeusi na nyeupe uone kama bado inasomeka.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unataka habari za umma ziwafikie kwa wakati na bila gharama ya ziada. Kwa hiyo "tutawatumia nakala yao baadaye" haikubaliki.

Kwenye WhatsApp, andika maelezo katika ujumbe unaoambatana na picha. Hapo simu itayasoma.