Nguvu za misuli hazidai saa mbili za jimu kila siku

Imani kwamba asiyeshinda jimu saa mbili kila siku hapati nguvu imewakatisha tamaa wanafunzi wengi wa vyuo, ambao siku yao humezwa na mihadhara, maabara na foleni za daladala. Mwaka 2019 mtafiti wa mazoezi Brad Schoenfeld na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la wiki 8 lililowahusu wanaume 34 waliokwisha kuzoea vyuma, wakifanya mazoezi mara 3 kwa wiki: waliofanya seti 1, yaani mfululizo mmoja wa kunyanyua bila kupumzika, ya kila zoezi walitumia takriban dakika 13 tu kwa kipindi, na nguvu zao ziliongezeka bila tofauti ya maana na za waliofanya seti 5. Unene wa misuli ni jambo jingine. Hapo wenye seti nyingi walitangulia, na si haki kulificha hilo. Isitoshe, kila seti iliendelezwa mpaka mwili ukashindwa kunyanyua tena, jambo ambalo wengi wanaochezea simu katikati ya mazoezi hawalifanyi. Mwenye nusu saa achague mazoezi yanayotumia misuli mingi kwa pamoja, kama kuchuchumaa na chuma mabegani, kisha apokezanishe zoezi la kusukuma na la kuvuta, ili misuli ya moja ipumzike wakati ya jingine inafanya kazi.