Wati 600 za kwenye boksi si ukubwa wa sauti

Ukienda soko la Kisekka, hapa Kampala, kutafuta spika za gari, utaonyeshwa boksi lenye "600W" kwa herufi nono, na wengi huamini hiyo ndiyo sauti watakayosikia. Siyo. Hicho ni kilele, mzigo ambao spika huvumilia kwa muda mfupi mno. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo ya RMS. Pengine utakuta 60 tu. Hiyo ndiyo nguvu ambayo spika huibeba mfululizo.

Tena spika haizalishi nguvu, inapokea. Redio ya kawaida ya gari, bila amplifaya, hutoa takribani wati 20 kwa kila spika. Hizo 600 zitatoka wapi?

Namba ninayokuomba uitafute ni usikivu, yaani sauti ambayo spika hutoa kwa nguvu ileile inayopewa, unaopimwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 hulia sawa na ya 89 iliyopewa wati 40. Kama huna amplifaya, chukua ya 92, hata kama boksi lake halina mbwembwe.

Na omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, usiisahau: ukiunga spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja, redio inaona omu 2, inalazimika kutoa umeme mwingi zaidi, na redio nyingi zinaweza kuchemka hadi kuungua.