Upande wa tatu wa santuri ya Donna Summer

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za bendi zinapopiga laivu, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawapa zoezi moja mapema. Nawasikilizisha upande wa tatu wa albamu ya sahani mbili ya Donna Summer, mwimbaji wa disko wa Marekani, iitwayo Live and More, ya mwaka 1978, kisha nawasikilizisha nyimbo hizohizo kama zilivyorekodiwa studio. Upande huo una nyimbo nne: Try Me I Know We Can Make It, Love to Love You Baby, I Feel Love na Last Dance. Swali langu ni moja: zile dakika nyingine zimekwenda wapi?

Love to Love You Baby ya mwaka 1975 ilikuwa karibu dakika 17, ikajaza upande mzima wa santuri. Try Me ya mwaka 1976 ilikaribia dakika 18, nayo ikajaza upande wake. Sasa zote mbili zimekaa upande mmoja, na bado kuna nafasi ya nyingine mbili. Kila moja imebaki na dakika chache tu.

Urefu ule ulikuwa na sababu yake. Katika ukumbi wa disko anayetazamwa ni mchezaji, na mwimbaji hayupo hata mlangoni. Wimbo unatakiwa kumshika mtu sakafuni, umpe muda wa kuzama, umpunguzie vyombo abaki na ngoma na besi, halafu umrudishie kila kitu kwa mpigo mmoja. Neil Bogart, mwenye kampuni ya santuri ya Casablanca, alipousikia wimbo mfupi wa Love to Love You Baby aliomba urefushwe, na watayarishaji wake Giorgio Moroder na Pete Bellotte wakaufanya hivyo kule Munich, Ujerumani. Donna anaunong'ona wimbo ule. Studio inaruhusu mnong'ono kwa sababu maikrofoni iko mdomoni na fundi anaweza kuipandisha sauti hiyo juu ya ngoma. Jukwaani hilo haliwezekani kwa dakika 17. Maikrofoni ya mwimbaji inanasa pia ngoma zilizo nyuma yake, ukiipandisha zinapanda pamoja. Watu nao wamelipa kiingilio kumwona mwimbaji akiimba. Ndipo wimbo unakatwa, unabaki kiini chake, na mwimbaji anautoa kwa kifua.

Kwenye I Feel Love tofauti inazidi kuonekana. Ile ya mwaka 1977 karibu yote imetoka kwenye Moog, mtambo wa umeme unaotengeneza sauti za muziki. Keith Forsey alipiga ngoma kubwa ya mguu na kazi nyingine ikafanywa na mashine. Moog ya wakati ule ilikuwa inapoteza tyuni, kwa hiyo walirekodi vipande vifupi vifupi. Besi yake unaisikia upande mmoja wa spika, na mwangwi wake uliocheleweshwa kidogo unajibu upande wa pili, ndiyo maana inaonekana kukimbia maradufu. Hakuna anayepumua katika muziki ule isipokuwa Donna. Kwenye rekodi ya jukwaani, pumzi iko kila mahali. Bendi inasukuma, waitikiaji wanaingia, watu wanapiga mayowe. Ukinibana nichague moja, kwa usiku wa kucheza nitachukua ile ya mashine bila kusita. Kwa kumjua Donna Summer kama mwimbaji, nachukua hii.

Rekodi ilifanywa Juni 1978 katika Universal Amphitheatre, Los Angeles. Wakati huo ukumbi ule ulikuwa bado wazi, haujaezekwa paa. Kwa fundi hilo lina maana kubwa, maana sauti haina dari la kugonga na kurudi. Makofi yanakuja kama wimbi kisha yanapotea angani, na nadhani ndiyo sababu maneno yake yanasikika safi kiasi kile katikati ya kelele.

Watu wengi wanamjua kama malkia wa disko na wanaishia hapo. Alizaliwa Boston mwaka 1948, akaimba kanisani tangu utotoni, na mwaka 1968 akaenda Ujerumani kuigiza na kuimba katika tamthilia ya muziki ya Hair. Jukwaa alilijua miaka saba kabla dunia haijamsikia akinong'ona. Kwa hiyo upande wa pili wa albamu hii haunishangazi, ingawa wengi wanauruka. Pale anaunganisha The Man I Love, I Got It Bad na Some of These Days, nyimbo za zamani za Kimarekani, huo wa mwisho ukiwa wa mwaka 1910, halafu anaingia The Way We Were. Hakuna mdundo wa kumficha. Msikilize anavyoliacha neno la mwisho wa mstari: haliburuti, analiweka chini taratibu. Kisha anamwimbia binti yake, aitwaye Mimi, katika Mimi's Song. Hadhira iliyokuja kucheza inakaa kimya kumsikiliza.

Last Dance, wimbo wa Paul Jabara, unafunga onyesho. Kwa sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, mpangilio wake si mgeni: kuna sehemu ya taratibu ya kusikiliza mashairi, halafu mambo yanachemka. Donna anaanza polepole kama anayeaga, anamshika kila mtu, ndipo ngoma zinafunguka. Katikati anaushusha tena, kisha anaupandisha mara ya mwisho. Wimbo huu ulipata tuzo ya Oscar mwaka 1979.

Sasa geuza santuri. Hadhira haipo tena. Upande wa nne ndio ile "More" ya jina la albamu, na ni kazi ya studio tupu: MacArthur Park Suite, zaidi ya dakika 17 bila kukatika. Wimbo wenyewe ni wa Jimmy Webb, na Richard Harris aliurekodi kwanza mwaka 1968. Moroder na Donna waliugeuza kuwa disko, wakapachika ndani yake One of a Kind na Heaven Knows, kisha wakarudi MacArthur Park kumalizia. Dakika 17 ni kipimo kizuri kwa upande wa santuri. Ukizidisha sana, mchirizi wa sindano lazima ubanwe, na besi ndiyo inayoumia kwanza kwa sababu ndiyo inayodai mchirizi mpana. Hapa besi imepewa nafasi yake yote.

Kwa hiyo albamu hii imebeba disko katika miili yake miwili. Pande tatu ni za mwimbaji, nyimbo ndefu zimekatwa ili yeye aonekane. Upande wa nne ni wa mchezaji, wimbo umerefushwa tena. Mnunuzi wa mwaka 1978 alipata vyote ndani ya jalada moja, na Novemba ya mwaka huo albamu ikafika namba moja Marekani, mwezi uleule MacArthur Park, iliyofupishwa chini ya dakika nne, ilipoongoza chati ya single.

Zilipokuja CD, muda haukutosha. Wakauondoa mfululizo wa MacArthur Park na mahali pake wakaweka Down Deep Inside, wimbo wa filamu ya The Deep. Ni wimbo mzuri, naupenda, lakini umekaa pale kama mgeni kwenye kiti cha mwenye nyumba. Mfululizo kamili uliwekwa kwenye mkusanyiko wa The Dance Collection mwaka 1987, kwa hiyo mwenye CD anaweza kuusikiliza akitoka Last Dance.

Wanafunzi wangu nawaambia waitafute santuri yenyewe, zile sahani mbili. Upande wa tatu ukiisha, usikimbilie kugeuza. Subiri makofi yaishe kabisa, inua sindano, ndipo uweke upande wa nne, uongeze sauti, na usogeze viti.