Maulidi Yalivyoijenga Lamu

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wengi hudhani sababu ni nyumba za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na milango ya nakshi. Hizo zimo, lakini ilitajwa pia nafasi ya Lamu kama kituo cha elimu ya Kiislamu na utamaduni wa Waswahili. Urithi huo haukarabatiwi kwa chokaa. Unaonekana wazi zaidi wiki ya Maulidi, mwishoni mwa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume.

Habari ya Maulidi hayo inaanzia Langoni, mtaa mmoja wa mji. Waungwana walikaa mtaa wa Mkomani katika majumba ya ghorofa. Langoni kulikuwa na nyumba za makuti, wageni na watu waliotoka utumwani. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija mwishoni mwa karne ya 19, alikaa nao huko, akawasomesha watoto wao dini, na Maulidi ya Habshi, utungo wa kumsifu Mtume, yakasomwa kwa matari. Baadhi ya wanazuoni waliyapinga matari hayo. Leo Msikiti wake wa Riyadha hupokea wageni kutoka pwani yote, Tanzania na Komoro, na Maulidi ya watu wa Langoni yamekuwa Maulidi ya mji mzima. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko nakshi yoyote: ibada iliwafanya waliohesabiwa wageni kuwa wenye mji.

Tazama zefe, yaani maandamano ya Maulidi, inapopita. Njia ni nyembamba, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Vijana wa madrasa, kanzu nyeupe na kofia, husogea bega kwa bega huku matari yakilia. Wazee huketi barazani, na hapo ndipo utaelewa kwa nini baraza za mawe zilijengwa pande zote mbili. Uwanjani huchezwa ngoma za goma na kirumbizi: mmoja hupiga kwa fimbo, mwenzake hukinga, watoto wamezunguka wakisoma kila hatua.

Si urithi wote ulio hai hivyo. Siwa za kale za Lamu na Pate, yaani baragumu kubwa za sherehe, zimehifadhiwa makumbusho. Tunashukuru zimesalimika, ila chombo cha kupulizwa kimebaki cha kutazamwa.

Basi linapokaguliwa ombi la kubomoa baraza, kupanua duka au kuzungushia uwanja ukuta, tuulize pia zefe itapita wapi na watu watakaa wapi. Mtu wa nje anayenunua nyumba naye aelezwe hayo kabla ya kupewa kibali.