Chatu ndani ya nyumba Malindi: maswali na majibu

Kijana wangu amekutana na mtoto wa chatu shambani, anataka kumfuga. Nimruhusu?

Amwache alipo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, tena nyoka wa porini huja na kupe na minyoo yake. Kama ni hamu tu, mpeleke Watamu, shamba la nyoka la Bio-Ken, awatazame mpaka macho yashibe.

Nina kibali. Kwenye video naona wenzetu wa Ulaya wananunua taa za joto. Nami ninunue?

Wao wanapigana na baridi. Wewe utapigana na jua. Chatu anataka upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 30 hadi 32, mwingine kama 26, kwa sababu hatoi jasho: akizidiwa na joto, dawa yake ni kuhama. Tangi la kioo likiwekwa dirishani saa saba mchana, na juu kuna paa la bati, hana pa kuhamia. Huo ni uokaji, si ufugaji.

Tengeneza sanduku la mbao lenye matundu ya hewa na mlango wa komeo, maana kichwa kikipita, mwili wote unapita. Tandika magazeti. Chungu kilichovunjika mdomo, ukikipindua, ni maficho mazuri. Weka viwili, kimoja kila upande. Beseni la maji liwe zito, asilipindue. Na nunua kipimajoto. Kiganja chako hakisomi nyuzi.

Panya wa jikoni wanafaa? Wapo tele.

Hapana, hata siku moja. Huyo panya huenda amekula sumu kwa jirani, nayo itaishia tumboni mwa nyoka. Mpe panya wa kufugwa, aliyekwisha kufa (aliye hai humng'ata nyoka), asiyezidi unene wa kiwiliwili cha nyoka. Mdogo hula kama mara moja kwa wiki. Mkubwa hungoja wiki kadhaa. Akishakula usimshike siku mbili, atatapika. Macho yakiingia ukungu na akasusa chakula, usihangaike: yuko karibu kujivua gamba.

Anaweza kutuambukiza nini?

Salmonela, aina ya bakteria. Hukaa matumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili, nanyi mkapata homa na kuhara. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu, hali yaweza kuwa mbaya. Mkimgusa, sabuni na maji papo hapo. Beseni lake lisioshwe kwenye karo la vyombo, na panya wake wasigandishwe pamoja na samaki wenu. Kama kuna mtoto anayetambaa, mimi ningesema huyo nyoka asubiri miaka.

Na akiuma?

Chatu hana sumu. Osha jeraha kwa sabuni, kisha nenda ukaulizie chanjo ya pepopunda.

Lakini ukiumwa uani na nyoka usiyemjua, mwendo ni wa hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka halivuti sumu. Kiungo kisitikiswe, kifunge kwenye ubao kama kilichovunjika. Pete, bangili na saa zitoke mapema, kabla mkono haujavimba.