Si kila damu ya chooni ni amibi

Aliweka mfuko wa plastiki mezani kwangu kabla hata ya kuketi. Ndani mlikuwa na maganda ya metronidazoli, dawa ya amibi, mengine matupu, mengine yamebaki na vidonge viwili vitatu. Nilihesabu maganda tisa. Binti wa miaka 24, anauza vitenge Kadutu, na kwa miezi saba alikuwa akienda chooni na damu. "Dokta, amibi zangu ni sugu," akaniambia. Mama yake, aliyemsindikiza, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nyumbani wapo wanaosema ni karuho, ile sumu ya polepole, na kwamba jirani mmoja ameshaanza kuangaliwa kwa jicho baya.

Hakuwa na amibi, wala hakuna aliyemlisha sumu. Alikuwa na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule ambao kwenye karatasi za hospitali zetu huandikwa kwa herufi tatu, RCH, kifupi cha jina lake la Kifaransa. Mimi ni daktari wa magonjwa ya tumbo hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na mfuko kama ule nimeuona mikononi mwa watu wengi mno.

Kwetu neno amibi limeacha kuwa jina la kidudu, limekuwa jina la tumbo lolote linalosumbua. Likinguruma, amibi. Likijaa gesi, amibi. Siwacheki watu kwa hilo, maana kidudu hicho kipo kweli, na kuhara damu kumeacha makaburi mengi katika Kivu hii. Waliokuwa Goma mwezi wa Julai 1994 wanakumbuka kambi za wakimbizi: kipindupindu kilitangulia, kisha kikafuata kuhara damu kunakoletwa na bakteria ya Shigella. Mtu wa huku akiona damu, akili yake inakimbilia maambukizi, na ni sawa. Mimi mwenyewe naanzia huko. Shida ni kubaki huko miezi saba.

Kinachotofautisha ni muda. Kuhara damu kwa Shigella huja ghafla, mara nyingi na homa, na kwa kawaida hakumalizi wiki mbili. Amibi zinaweza kujikokota zaidi, lakini ukipewa metronidazoli kwa kipimo kamili, siku 7 hadi 10, unatakiwa kuona nafuu ndani ya siku chache, halafu upewe dawa ya pili ya kusafisha mayai yaliyobaki ndani ya utumbo. Damu ikiendelea baada ya hapo, au ikakauka na kurudi mwezi unaofuata, ganda jingine la dawa ileile halitabadilisha kitu. Yule binti alikuwa ameanza kufa ganzi miguuni. Ganzi hiyo haikutoka kwenye ugonjwa: metronidazoli ikimezwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu.

"Lakini laboratwari waliziona, dokta, na dawa ilinisaidia mwanzoni." Hoja hizo mbili nazisikia kila wiki, na zote mbili zina jibu. Katika darubini kuna amibi asiyedhuru anayefanana kabisa na yule mbaya, na watu wengi wenye afya wanambeba bila kujua. Tena seli nyeupe za damu, ambazo hujaa kwenye kinyesi cha mwenye RCH, huweza kudhaniwa kuwa amibi na jicho lililochoka. Jibu ninaloliamini ni la kinyesi kilichochunguzwa kikiwa bado cha moto, ndani ya nusu saa hivi, akaonekana amibi anayetembea na ndani yake chembe nyekundu za damu alizozimeza. Kinyesi kilichokaa kwenye kopo tangu alfajiri hakiwezi kunipa jibu hilo.

Na ile nafuu ya mwanzoni? RCH hupanda na kushuka yenyewe, kama ziwa letu linavyochafuka na kutulia. Ukimeza dawa yoyote siku ugonjwa unaposhuka, dawa ndiyo inayopata sifa. Ndivyo metronidazoli inavyosifiwa, na ndivyo mizizi ya mganga inavyosifiwa pia. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimtibu mwalimu mmoja amibi mara nne, na kila mara alinishukuru. Mara ya tano alikuja amebebwa. Tangu hapo, mgonjwa akiniambia "ilinisaidia", namwuliza: kwa siku ngapi?

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wageni, inaushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. Utando unakuwa mwekundu, unavimba, unachubuka, unavuja damu na ute. Kwa nini unaanza kwa mtu fulani na si kwa mwenzake, sayansi bado haijalimaliza swali hilo: kuna urithi ndani yake, kuna mazingira, kuna vijidudu vya kawaida vya tumbo. Hauambukizi. Hakuna atakayeupata kwa kula nawe sahani moja au kulala nawe kitanda kimoja. Mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 30, ingawa mzee wa miaka 60 naye huweza kuupata.

Unaanzia mwisho wa utumbo, kwenye puru, pale karibu na njia ya haja, na kupanda juu bila kuruka sehemu. Kwa wengine huishia hapohapo chini, kwa wengine hufika upande wa kushoto, kwa wengine huchukua utumbo mpana wote. Ukilielewa hili, dalili zake hazitakushangaza. Puru lililochubuka haliwezi kungoja: hamu inakuja ghafla, unakimbia, unafika, unatoa kijiko cha damu na ute, unainuka, na baada ya dakika kumi hamu imerudi ingawa hakuna cha kutoa. Usiku nao hupumziki. Swali la usiku ndilo ninalolithamini kuliko mengine, kwa sababu tumbo linalosumbuliwa na wasiwasi au chakula kwa kawaida huliacha jicho lilale. Utumbo wenye vidonda hukuamsha saa nane. Na wapo ambao ugonjwa umebaki puruni tu, ambao badala ya kuhara wanafunga choo, wanatoa damu, na wanaambiwa ni bawasiri kwa miaka.

Hapa lazima niseme jambo la vyoo vyetu, kwa sababu hakuna kitabu cha tiba nilichosoma kinacholisema. Choo cha shimo chenye giza hakionyeshi damu. Mtu anaishi kwenye parseli yenye familia tano, choo kimoja, chini ya mteremko, anashuka usiku na mvua, na hajui kinachotoka ni nini. Nawaomba wagonjwa watumie beseni kwa siku tatu, waangalie, wamwage, waoshe kwa sabuni na jiki, wanawe mikono. Waandike kwenye daftari la shule: mara ngapi mchana, mara ngapi usiku, damu imechanganyika au iko juu tu, ute upo au haupo. Daftari la siku hizo tatu hunisaidia zaidi kuliko maelezo ya nusu saa.

Ugonjwa huu pia hutokea nje ya tumbo. Magoti na vifundo vya miguu huuma, jicho huwa jekundu na kuumia kwenye mwanga, vinundu vyekundu vyenye maumivu hutokea kwenye miundi. Mgonjwa anakwenda famasi kwa ajili ya goti, anapewa diklofenaki au ibuprofeni, na dawa hizo zinaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Maumivu ya kawaida yatulizwe kwa parasetamoli.

Lavema nayo, yaani kuingiziwa maji ya dawa nyuma kwa kipira, nailia machozi. Najua imo katika malezi yetu, mtoto hupigwa lavema akiwa na wiki chache, na hakuna mama anayeifanya kwa nia mbaya. Lakini pilipili, tangawizi au majani makali yaliyopitishwa kwa kipira kwenye utando uliochubuka ni moto juu ya kidonda. Hata utumbo wenye afya huweza kuchubuliwa na lavema kali, na nikiuangalia kwa kamera inayoingizwa njia ya haja unafanana mno na RCH. Kwa hiyo ukija kwangu, niambie kama ulipigwa lavema, lini, na ya nini.

Uthibitisho unatoka kwenye kamera. Watu wanaiogopa, na wanaume wengi huona aibu kuliko maumivu. Mara nyingi sihitaji kupita utumbo wote siku ya kwanza: kwa kuwa ugonjwa unaanzia chini, kamera fupi, dakika kama kumi, hunionyesha ninachotaka, na ninachukua vipande vidogo vya nyama vipelekwe kwenye darubini. Uchukuaji huo hauumi. Pamoja na hayo natafuta wezi wengine wanaovaa nguo zilezile: kichocho cha tumbo, kifua kikuu cha utumbo, VVU.

Nasisitiza utafutaji huo kwa sababu kosa la upande wa pili linaua haraka zaidi. Prednisoloni, ambayo ni dawa nzuri ya kuzima moto wa RCH, hulaza kinga ya mwili. Ukimpa mtu ambaye kweli ana amibi, amibi wanaweza kutoboa utumbo. Akiwa na minyoo ya strongiloidi, inaweza kuenea mwili mzima. Ndiyo maana nikiwa na shaka natanguliza ivermektini, dawa ya minyoo hiyo. Na prednisoloni inauzwa mitaani kwetu kama peremende, wapo wanaoimeza ili wanenepe. Usiianze mwenyewe kwa sababu umesoma makala, hata hii yangu.

Dawa ya msingi ni ya zamani. Sulfasalazini ilibuniwa Sweden na daktari mwanamke, Nana Svartz, aliyekuwa akitafuta tiba ya viungo vinavyouma. Mwaka 1942 aliandika kwamba wagonjwa wa utumbo nao wanapata nafuu. Ni ya bei nafuu kuliko ndugu yake mesalazini, na hapa Bukavu hilo lina uzito. Hupaka mkojo rangi ya machungwa, usiogope. Inahitaji kusindikizwa na asidi ya foliki, na kwa wanaume hupunguza mbegu kwa muda, zinarudi ukiiacha. Ugonjwa ukiwa puruni tu, dawa ya kuweka nyuma, supozitwari ya mesalazini, gramu moja usiku, hushinda vidonge. Wengi huikataa kwa aibu. Hata hivyo, ndiyo inayofika penye kidonda.

Prednisoloni huja pale hizo zinaposhindwa: kwa kawaida miligramu 40 asubuhi, kisha inashushwa kidogo kidogo wiki hadi wiki, takriban miezi miwili. Haikatwi ghafla, maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Wala si dawa ya kukaa nayo mwaka. Anayerudi kuihitaji kila mara anahitaji azatiopirini au dawa nyingine nzito, na wachache wanahitaji kuondolewa utumbo mpana kwa upasuaji.

Kinachonisumbua zaidi ni mwezi wa nne wa matibabu. Damu imekauka, uzito umerudi, mtu anasema nimepona, anaacha dawa. Miezi michache baadaye yuko tena mlangoni. Dawa ya kulinda huendelea wakati wa raha, miaka mingi, na mimba haiikatizi: mama mjamzito aendelee na sulfasalazini na foliki yake, kwa sababu hatari kwa mtoto ni ugonjwa uliowaka kuliko dawa. Msichana asiambiwe kwamba hataolewa. Nimewapokea wengi na watoto wao mgongoni.

Chakula hakikuleta ugonjwa huu na hakitauondoa. Siku mbaya, punguza sombe (majani ya muhogo), maharage na pilipili, ule wali, viazi, yai, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, waliochemshwa vizuri. Siku nzuri, rudi kwenye sombe yako. Wanaokatazwa kila kitu wanakonda kwa njaa, kisha tunasema ni ugonjwa.

Siku ya hatari ina sura yake. Madaktari Truelove na Witts wa Oxford waliieleza mwaka 1955 na bado tunaifuata: choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au joto zaidi ya 37.8, au hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, chini ya 10.5. Mapigo unaweza kuyahesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Ukifika hapo, usisubiri asubuhi. Usimeze loperamidi ili kuzuia choo, utumbo unaweza kuvimba kama puto na kupasuka. Tumbo likijaa, likauma kulishika, na choo kikapungua ghafla, hiyo si nafuu. Nenda hospitali usiku huohuo.

Waliokaa na ugonjwa miaka 8 na zaidi, ukiwa umepanda juu ya puru, waje kwa kamera ndefu hata kama hawaumwi, kwa sababu saratani ya utumbo mpana huwanyemelea kuliko wengine.

Yule binti yuko mwaka wa tatu wa matibabu sasa. Yule jirani aliyeshukiwa alialikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa binti huyo. Na wewe ukija, njoo na daftari lako, na mfuko wa kila ulichomeza, mizizi ikiwemo. Sitakugombeza. Nitahesabu maganda, kisha nitakuuliza habari za usiku.